Laptop Isiyozimwa

Mwanamke huyu alitoka kazini akiwa hoi. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu ulikuwa umeingia kwenye mifupa, ukapanga chumba, na kodi haulipi.

Kazini walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma aliyokuwa akitembea nayo mkobani tangu enzi za kuchorea kwenye karatasi. Siku hizi alichora nyumba kwa kompyuta. Mtu mwenye kiwanja anamletea ndoto zake, yeye anazigeuza picha, hadi mwenyewe aone jua linavyoingia sebuleni kabla hata msingi haujachimbwa. Mchana alichora za ofisi. Jioni alichora zake binafsi nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani aliyokuwa nayo tangu hajaolewa.

Na kompyuta hiyo ilikuwa inakata roho. Picha ya saa moja ilikula usiku mzima, na ikikaribia mwisho skrini inageuka bluu, basi, anza upya. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi alitakiwa kukabidhi picha kumi na mbili za hosteli ya wanafunzi, na alikuwa amemaliza moja tu. Akichelewa, mteja alishamwambia, wapo wengine.

"Shemeji, hilo dude ni maiti na wewe unalitundikia dripu," mdogo wa mumewe alimwambia asubuhi ile, akimsogezea simu. Kulikuwa na tangazo la laptop ya gemu, imetumika mwaka mmoja, haina mkwaruzo. "Hizi zina nguvu ya punda. Picha inaiva wewe bado unachemsha chai."

Fundi wake alikuwa na yake ya kusema. "Dada, laptop ya gemu ni jiko. Inapiga kelele, inachemka, na ikiharibika kitu kimoja unatupa yote. Niachie hii ya mezani niiongezee memori, niweke diski ya kisasa na kadi ya picha. Sura itabaki ya bibi, lakini mbio za msichana."

Rula aliwasikiliza wote wawili akashindwa kuamua. Kuamua nako kunataka nguvu. Akamwambia Fundi angoje simu yake, aione kwanza hiyo laptop. Ndiyo maana jioni ile, badala ya kushika njia ya nyumbani, alikata kona akaingia mtaa wa maghorofa ya zamani.

Ghorofa ya tatu. Taa ya ngazi ilikuwa imekufa, na mwanga wa machweo uliingia kwa kitundu kimoja tu cha dirisha. Alipanda akipumzika kila baada ya ngazi kumi. Alipofika mlangoni, hakuwahi hata kubisha.

Mlango ulifunguka wenyewe... kidogo.

"Ni wewe wa laptop?" Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye mtoto mchanga aliyelala ndani.

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu. Tembea taratibu."

Alikuwa mama wa makamo, fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye kola. Macho yake yalikuwa mekundu, na ngozi ya chini ya macho imelegea kama mifuko iliyotolewa vitu. Rula, ambaye kila asubuhi alijitazama kwenye kioo na kujihurumia, aliona kwamba yeye bado hajachoka. Aliyechoka ndiye huyu.

Wakapita sebuleni, wakapita cherehani iliyofunikwa, wakaingia chumba cha mwisho. Kitanda kimetandikwa vizuri. Dirisha limefungwa. Mezani, laptop ilikuwa inawaka, feni yake ikiunguruma peke yake gizani.

Vuuuuu...

Na kulikuwa na harufu. Harufu ya nywele zilizoungua.

"Ya nani, mama?"

"Ya mwanangu."

"Amehama?"

"Amefariki. Miezi minane sasa."

"Pole sana, mama."

"Asante. Kaa ujaribu." Alikuwa tayari amemvutia kiti. "Ila usiizime."

Rula alikaa. Kiti kilikuwa na joto, kama mtu amekiacha sasa hivi. Alichomeka flashi yake, akafungua picha ya pili ya hosteli, ile iliyokuwa imemlaza macho tangu Jumapili. Akabonyeza. Dakika nne tu, picha ikasimama mbele yake, safi, kila tofali na kivuli chake. Machozi yalimlenga. Akafungua nyingine. Nayo dakika nne. Akahesabu kichwani: kwa mwendo huu, leo hii hii angemaliza, kesho alale mpaka jua liingie kitandani.

Akapiga mwayo mrefu, wa kutoka tumboni. Mama alisimama nyuma yake akimwangalia, ameshika futi yake kwa mikono miwili.

Picha ya nne ilikuwa ya uani, ikionyesha madirisha ya vyumba. Rula aliikagua kama kawaida yake, dirisha kwa dirisha. La kwanza. La pili.

La tatu lilikuwa na mtu.

Hakuwa amechora mtu. Watu huwa anawaweka mwisho kabisa, na hapo hakuwa amefika bado. Aliivuta picha karibu. Alikuwa kijana, amekaa mezani, amempa mgongo. Fulana ya kijivu. Shingo imeinama, kama shingo ya mtu anayesinzia na hapewi nafasi ya kulala.

Akaivuta karibu zaidi.

Pale mezani kulikuwa na hedifoni. Ndani yake kitu kilikwaruza, halafu ikatoka sauti, nyembamba, ya upole.

"Dada..."

Rula aliitazama hedifoni.

"Umechoka, dada."

Cha ajabu, na hili ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, hakuogopa. Miezi mingapi ilikuwa imepita bila mtu kumwambia neno hilo? Nyumbani waliuliza chakula kiko wapi. Ofisini waliuliza kazi imefikia wapi.

"Kalale. Nitakumalizia zote mimi... Ukiamka utazikuta. Halafu na wewe utanishikia hapa kidogo. Kidogo tu. Sema sawa."

Ulikuwa msaada. Nani hukataa msaada? Mdomo wake ulifunguka.

"Sa..."

Mkono wenye harufu ya mafuta ya cherehani ulimziba mdomo kwa nguvu mpaka meno yakagonga.

"Usimjibu!"

Kwenye picha, yule kijana alikuwa amegeuka nusu.

Mama alichomoa flashi, akamshika Rula kwapani, akamkokota hadi mlango wa nje. Hapo ndipo hofu ilipomfikia, yote kwa mkupuo.

"Nini kile? Mama, nini kile?"

"Shh. Anasikia." Mama aliegemea ukuta. Akanong'ona harakaharaka, kama mtu anayetua mzigo. "Alifia kwenye kiti kile, mashine inawaka. Nilishindwa, mwanangu. Nikaenda kwa mtu. Usiniulize nani. Akaniambia isipozimwa, mtoto hataondoka. Akafungia nywele za mtoto ndani, chini ya vile vitufe. Siku ya tatu nikamsikia ananiita. Nilifurahi! Nilipika, nikacheka peke yangu. Lakini haikupita wiki akaanza kulalamika. Hawezi kufumba macho. Miezi minane, mwanangu, mtoto wangu hajafumba macho. Anataka mtu wa kushika zamu."

"Na ukaweka tangazo."

Mama hakubisha. "Wewe ni wa nne. Wale wengine walikuja na nguvu zao, wakacheza gemu, wakaondoka. Hawakumsikia hata. Wewe nilikuona kwa kitundu cha mlango, unavyopanda ngazi. Nikajua huyu atasema sawa."

"Sasa mbona umenizuia?"

"Ulipopiga ule mwayo..." Akajifuta pua kwa ncha ya futi. "Na wewe kuna mama aliyekuwa anakubembeleza uamke uende shule."

"Chomoa waya, mama. Izime. Twende sasa hivi, nakusaidia."

"Nimzike mara mbili?"

Kutoka chumba cha mwisho, juu ya ngurumo ya feni, sauti iliita, na safari hii haikuwa na upole.

"Mama... yuko wapi yule dada? Mama, nimechoka!"

"Nenda," mama alisema, akimsukumia viatu vyake kwa mguu. "Nenda, usirudi. Haya ni ya kwangu."

Mlango ukafungwa.

Rula alishuka pekupeku, viatu mkononi. Barabarani, kwenye mwanga wa maduka, alipiga simu na kusema maneno matatu tu: "Fundi, niletee vyuma."

Ijumaa jioni Fundi alikuja akapiga magoti chini ya meza, akapuliza vumbi la miaka, akachomeka memori, diski na kadi ya picha, akiimba puani. Ile kompyuta kuukuu ikaamka na kwenda. Haikuwa na kasi ya ile nyingine, lakini ilikwenda. Shemeji alinuna kidogo, kisha akaja kuomba acheze gemu humo. Jumapili alasiri picha zote kumi na mbili zilikuwa tayari, na Rula alikagua kila dirisha mara mbili. Hakukuwa na mtu. Jumatatu mteja alizipokea, akasifu, akatoa na kazi nyingine.

Ushindi huo haukumpa usingizi. Kila akilala alimwona yule mama na futi yake, na pini zake tatu. Mama alikuwa amemwokoa yeye, naye akamwacha palepale. Siku Fundi alipokuwa akifunga boksi la kompyuta, Rula alikuwa amemuuliza kama utani: kitu kikinasa chini ya vitufe vya laptop, kinatoka? Fundi akasema kinatoka, dakika kumi, bisibisi tu. Sasa aliona afadhali akamwambie mama wa watu. Labda kwa mkono wa mtu mwingine isingekuwa kumzika mtoto mara mbili. Labda angekubali.

Akaenda Jumanne alasiri, jua bado kali, watoto wakirudi shule kwa kelele. Akabisha.

Alifungua kijana. Fulana ya kijivu. Shavu lake moja lilikuwa na mistari ya mto, kama mtu aliyeamka sasa hivi baada ya usingizi mzito.

"Dada," alisema. "Karibu."

Ile sauti.

Rula alishika ukuta. Kijana alijinyoosha viungo vikalia, akatabasamu, mtu kamili, mwenye kivuli chake sakafuni.

"Ma... Mama yuko wapi?"

"Yupo. Ana kazi." Alipangusa macho. "Nimelala siku nne, dada. Sikujua usingizi ni mtamu hivi."

"Ile laptop..."

"Haiuzwi tena. Ina mtu."

Nyuma yake sebule ilikuwa giza. Cherehani ilikuwa imefunikwa vilevile. Harufu ile ilitoka polepole mlangoni, na feni ilikuwa inaunguruma chumba cha mwisho. Vuuuuu... Halafu, kwa ndani sana, nyembamba kama uzi, sauti ya mama.

"Mwanangu? Ni wewe umerudi?"

Kijana hakugeuka. Alimtazama Rula usoni, tabasamu lile lile, akingoja.

"Mwanangu... umechoka?"

Rula aliziba mdomo kwa mikono yake miwili. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, hadi mguu ukaipata ngazi. Akashuka ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza, mikono ikiwa palepale mdomoni, huku yule mama akimwita kwa sauti ile ya upole, na kila alipoita, Rula alizidi kukaza mikono.

Hakujibu.