Mtandao wa Nchagwa

Mtandao wa nyumbani ulitoweka kwenye kompyuta, ingawa ruta juu ya kabati iliendelea kuwaka taa zake za kijani kama siku zote.

Bupe alikuwa mezani. Mimba ya miezi minane ilimlazimu kukaa mbali kidogo na meza na kunyoosha mikono kufikia kompyuta mpakato. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Tukuyu, aliyepangiwa kazi Mugumu na kuolewa hukohuko. Tangu daktari amwambie apumzike, jioni zake zilikuwa za kuongea na mama yake kwa video. Sasa alibofya alama ya mtandao na orodha ikafunguka tupu. Hata waifai ya jirani haikuwepo.

"Daudi, umegusa kompyuta?"

"Sijagusa," mumewe akajibu kutoka jikoni. "Zima, uwashe."

Alizima, akawasha. Orodha ilikuwa tupu vilevile. Simu ya Daudi, kinyume chake, iliuona mtandao bila shida, kwa jina lake: Nchagwa.

Jina hilo aliliweka Daudi mwenyewe siku walipofunga ruta. Nchagwa alikuwa mdogo wake. Mto Mara ulimchukua akivusha ng'ombe, kabla hajaoa, kabla hajapata mtoto wa kumwita baba. Daudi alitaka tu kulisikia jina lile likitajwa ndani ya nyumba yake. Mgeni akiomba waifai, Daudi alimwambia, "Mtafute Nchagwa," na mgeni akishajibu, "Nimempata," Daudi alitabasamu peke yake. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa jambo kama hilo.

"Kuna kitu kinanuka," Bupe akasema. "Kama tope."

Daudi akanusa. Lilikuwa tope kweli, bichi, lenye harufu ya kinyesi cha ng'ombe, na nje mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu.

Kesho yake akamleta Rubeni, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko.

"Za saa hizi, mama kijacho. Hukuweka hali ya ndege kwa bahati mbaya?"

"Ndege gani, shemeji? Mimi siku hizi hata bodaboda sipandi."

Rubeni akacheka, akakaa. Alikagua hali ya ndege, ilikuwa imezimwa. Alitazama kama kifaa cha ndani cha kupokea mawimbi kimekufa, kilikuwa kizima. Akaifuta programu inayokiendesha, akaiweka upya, akaiwasha kompyuta tena huku akipiga mluzi wa chinichini. Orodha ikabaki tupu.

"Basi tuizime ruta," akasema. "Nitawasha mtandao wa simu yangu. Kompyuta ikiuona, mkosaji ni ruta. Daudi, mura, ndugu yangu, chomoa."

Daudi akachomoa waya ukutani. Taa za kijani zikazimika. Kwenye kompyuta, orodha ikajijaza jina moja.

Nchagwa. Mistari yote ya mawimbi ilikuwa imejaa, na halikuwa na kufuli la nywila.

"Nimesema chomoa," Rubeni akasema.

Daudi akainua mkono. Plagi ilikuwa kiganjani mwake.

Kisha Rubeni akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya, akainua kompyuta na kuanza kutembea nayo ili aone mawimbi yanatoka wapi. Chumbani mistari ilipungua. Uani ilibaki mmoja. Aliporudi sebuleni, alipokuwa Bupe, ikajaa tena.

"Kiko humu ndani," akanong'ona. "Labda nyuma ya kabati."

Bupe akainuka kwenda jikoni kunywa maji. Rubeni, aliyekuwa amesimama palepale mbele ya kabati, akaona mistari ikipungua mmoja baada ya mwingine.

"Shemeji," akaita kwa sauti ndogo, "hebu rudi."

Bupe akarudi. Mistari ikapanda.

"Simu yako iko wapi?"

"Mezani. Imezimwa." Akamtazama fundi, akamtazama mumewe, kisha mikono yake miwili ikashuka taratibu ikalifunika tumbo, na hapo mtoto akageuka ndani yake, si kwa teke alilolizoea bali kwa mzunguko mrefu mzito kama wa mtu anayetafuta namna ya kulala katika kitanda kisicho chake, na kutoka kwenye spika za kompyuta, ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote, ikaanza kusikika sauti ya maji mengi yakipita, na ndani ya maji kwato, na juu ya kwato mluzi wa mchungaji anayewahimiza ng'ombe wasigeuke nyuma, mluzi ambao Daudi aliufahamu kabla haujafika katikati kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuupiga.

Rubeni akafunga kompyuta. Sauti ikaendelea kidogo, halafu ikakatika.

"Mura, mashine ni nzima," akasema akikusanya vifaa vyake bila kuvipanga. "Hilo ni jini, au ni mtu wenu. Mimi sijui. Mpigie mama yako."

Mokami, mama yake Daudi, alifika kwa basi kutoka Tarime, ng'ambo ya mto, na kibuyu cha togwa ya ulezi kwenye kikapu. Bupe alimwamkia shikamoo akiwa amejilaza. Mama mkwe akaitikia, akamwekea kiganja tumboni, akakaa hivyo muda mrefu akisikiliza.

"Nani amemwita?" akauliza.

Daudi akamweleza habari za ruta. Ilimchukua muda, maana mama yake hakuwa na haja na vitu hivyo. Mwishowe aliuliza jambo moja tu.

"Kila simu inayoingia humu inamtaja?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unawaambia watu wamtafute."

Daudi akaitazama ruta juu ya kabati.

"Kwetu, binti yangu," Mokami akamgeukia Bupe, "jina la aliyekufa hatuliiti hivihivi. Tunangoja mtoto azaliwe. Akilia bila kunyamaza, tunamtajia majina ya waliotangulia, moja moja. Jina atakalonyamazia ndilo lake, na mwenye jina anapata pa kukaa. Sasa huyu ameitwa kila siku, na alipokuja hakukuta mtoto wa kulibeba jina. Amekuta njia tu, tumbo lako."

"Mimi sijamkubali," Bupe akasema. "Mama, nisamehe, sikumjua hata sura. Huyu ni mtoto wangu. Nataka azaliwe akiwa yeye."

"Nimekusikia."

Jua lilikuwa linazama. Mokami akamwamuru Daudi alifute jina lile kwenye ruta, na Daudi, vidole vikiwa vizito, akalifuta na kuandika namba ya nyumba. Kisha mama akatoka hadi langoni, akamimina togwa chini upande wa mtoni, akazungumza kwa Kikurya. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayemwambia mwanawe chakula bado. Bupe, aliyesimama mlangoni akiwa ameshikwa na mumewe, hakuelewa hata neno. Aliona tu Daudi akiinamisha uso.

Harufu ya tope ikatoka nyumbani kama moshi unavyotoka dirisha likifunguliwa. Kompyuta ikauona mtandao wa nyumba, ikaona na wa jirani, na Bupe akalia mbele ya uso wa mama yake uliojaa kioo kizima.

"Alimwambia nini?" Bupe akamuuliza Daudi baadaye.

"Alimwambia aende."

Haikuwa kweli. Mokami alimwambia asubiri. Alimzaa, alimnyonyesha, alimwona akitolewa majini; neno la kumfukuza halikupatikana kinywani mwake, na huenda mama yeyote angelikosa. Na Daudi, aliyesikia, alikuwa na mke wa kutuliza na ndugu wa kulilia, akachagua kunyamaza.

Uchungu ulimshika Bupe asubuhi iliyofuata, kabla ya siku zake. Hospitalini alizaa kabla ya mchana, mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Muuguzi Agustina alimpokea, akamfuta, akamsugua mgongo. Mtoto hakulia. Agustina akamsafisha pua na mdomo, akamwekea kile kifaa cha kusukumia hewa, akasukuma, akasikiliza kifua, akasukuma tena, na midomo midogo ikaanza kuiva rangi ya bluu huku Bupe akiuliza, "Mbona kimya, mbona kimya," na hakuna aliyemjibu. Mokami, aliyekuwa ameleta khanga na kusahauliwa pale karibu na pazia, akasogea na kuanza kutaja majina. Wangwe. Simioni. Matiko. Aliyataja polepole, akiacha nafasi baada ya kila moja, kama desturi inavyotaka, ingawa desturi ni ya mtoto anayelia na huyu alikuwa hajatoa hata pumzi.

Akafika mahali akaacha.

"Endelea, mama," Bupe akasema.

"Limebaki moja." Macho ya Mokami yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. "Hilo sitalitaja mimi. Ulisema mtoto ni wako."

Agustina akasukuma hewa. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka, kikabaki chini.

"Nchagwa," Bupe akasema.

Mtoto akavuta pumzi. Aliivuta kwa nguvu, ndefu, yenye kukwaruza, jinsi anavyovuta mtu aliyekaa sana chini ya maji, kisha akalia, na maji ya kahawia yakamtoka puani yakadondoka kwenye shuka jeupe. Agustina akacheka kwa faraja. Akayafuta bila kuyatazama, akamfunga mtoto kwenye khanga na kumpa aliyekuwa karibu.

Mtoto akanyamaza mikononi mwa Mokami. Akafumbua macho, akamtazama usoni, akatulia.

"Nipeni mwanangu," Bupe akasema.

Mokami alimsikia. Lakini hakusogea mara moja. Alibaki amesimama, amemkumbatia mtoto kifuani.

"Nipeni mwanangu," Bupe akarudia. Mtoto hakuigeukia sauti yake.