Mwisho Alioupatia Fundi Meno

Siku ya kwanza ya tamasha la filamu, watu walijaa kwenye ukumbi wa mapokezi wa sinema mpaka wengine wakakosa pa kuweka miguu. Kila mtu aliangalia mbele, kwenye dirisha la tiketi, isipokuwa mwanamke mmoja aliyeipa foleni kisogo akawa anakagua upindo wa pazia la mlangoni. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, na shingoni alining'iniza tepu ya kupimia aliyosahau kuivua kazini.

"Dada, hilo pazia limekukosea nini?" akauliza mwanaume aliyekuwa nyuma yake.

"Limeshonwa na mtu mwenye haraka. Likifuliwa mara moja tu, litapanda hadi magotini."

"Kumbe mapazia yana magoti."

"Hili linayo," akasema, kisha akageuka na kumtazama mdomoni. "Na wewe meno yako yamepangika mno. Ni yako?"

"Ni yangu. Ya bandia nawatengenezea wengine. Ndiyo kazi yangu."

Walicheka wote wawili, wakaingia pamoja, wakakaa viti jirani. Filamu ilipoisha bado walikuwa wanabishana kuihusu, na mabishano hayo yakawafikisha hadi mlangoni kwa yule mwanamke. Kuanzia hapo mwanaume akawa Fundi Meno, na mwanamke akawa Mapazia. Majina waliyopewa na wazazi wao wakayaachia watu wa ofisini.

Fundi Meno alikuwa na wenzake, wapenzi wa filamu waliokutana kwenye mgahawa wa sinema ile. Kila aliyesafiri kwenda tamasha la mji mwingine alirudi na filamu za kusimulia, na walikuwa na sheria yao. Msimuliaji husimama kabla ya mwisho. Wasikilizaji wanasema wao wangeimalizaje, kila mmoja na sababu zake, ndipo anawafichulia ilivyoisha kweli.

Mapazia aliingia kundini na hakuna aliyeuliza amekujaje. Yeye alitaka kila filamu iishe vizuri. "Nimekaa kwenye kiti kigumu saa mbili nzima," alikuwa akisema. "Nataka watu waoane."

Fundi Meno alitaka machozi. Mtu afe, treni iondoke, barua isifike. Mwisho wa furaha aliuita pipi ya kuwanyamazisha watoto. Na ajabu ni kwamba hakuwahi kupatia hata mara moja. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Laazizi, wewe una roho ngumu," Mapazia alimtania kwenye simu.

"Roho yangu laini kama nta ya meno. Filamu ndiyo naitaka ngumu."

"Na sisi je? Sisi utatumalizaje?"

"Sisi hatuna mwisho, mama. Sisi tuna vitafunio tu na kuendelea."

Mama yake Fundi Meno alizoea kupiga simu mchana, mwanawe akiwa na mikono iliyojaa plasta ya kufinyangia meno, kwa hiyo mwana aliiweka simu kwenye spika na karakana nzima ikasikia. "Huyo mkwe wangu yupo hapo? Mwambie nataka wajukuu kabla magoti yangu hayajagoma." Mafundi walicheka. Mapazia, kama yupo, alicheka pia na kumjibu mama kwa adabu zote, na Fundi Meno hakuona kwamba kicheko hicho kila mara kilikuwa kifupi kuliko cha mara iliyopita.

Kwa miezi mingi Mapazia alikuwa akiumwa tumbo na kumficha Fundi Meno. Daktari wa karibu akamwelekeza kwa bingwa wa mji mwingine. Bahati ikawa kwamba mji huo ulikuwa na tamasha wiki hiyo hiyo, akapata cha kumwambia mpenzi wake. Hakukanyaga ukumbi wowote wa sinema. Alikaa kwenye benchi la hospitali, na bingwa akamweleza taratibu, kwa upole, kwamba hatazaa.

Angemwambia tu. Mtu mwingine yeyote angekaa kitandani, akalia, akasema. Lakini wawili hawa walikuwa wameshajizoeza kusemezana kwa filamu, na yeye aliogopa kulitazama jambo lile moja kwa moja usoni. Akaamua kulipitisha kwa njia waliyoizoea.

Jioni aliyorudi, Fundi Meno alimfuata kwenye chumba chake cha kushonea, akashika ncha ya kitambaa cha bluu ili Mapazia apige pasi upande wa pili.

"Haya, nisimulie. Umeona nini huko?"

"Nimeona moja tu iliyonikaa," Mapazia akasema bila kuinua macho. "Mwanamke ana mchumba wake, wanapendana sana. Mwanaume anatoka kwa watu wanaosubiri watoto. Siku moja mwanamke anaambiwa na daktari kwamba hatazaa. Anarudi nyumbani. Mwanaume anamfungulia mlango, anamuuliza habari za safari." Akaiweka pasi kando. "Nasimama hapo. Wewe ungeimalizaje?"

Fundi Meno alifumba macho, akafurahia swali lenyewe. Mtu angetamani kumkaba koo hapo, lakini angejuaje?

"Aondoke," akasema. "Asimwambie kitu. Afunge mizigo, aende zake kimya kimya."

"Kwa nini asimwambie?"

"Akimwambia, mwanaume atabaki kwa huruma. Watakaa miaka kumi wanaoneana huruma, filamu imeharibika. Akiondoka bila kusema, hapo ndipo utajua alimpenda. Huo ndio mwisho wa heshima."

"Na mwanaume je?"

"Ataumia. Atapona. Watu hupona."

Mapazia aliichukua tena pasi na kuipitisha palepale alipokwisha kupiga. "Umepatia," akasema. "Ndivyo ilivyoisha."

Fundi Meno aliruka na ncha ya kitambaa mkononi. Mara yake ya kwanza kupatia. Alimbusu paji la uso, akasema lazima kundi zima liambiwe, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Wiki iliyofuata simu ya Mapazia haikupatikana. Chumba cha kushonea kilikuwa na kufuli ngeni. Fundi Meno alimwendea dada yake Mapazia, msusi, akamkuta na kichwa cha mteja mikononi.

"Shemeji, amehama. Amesema usimtafute."

"Nimemkosea nini?"

"Hajaniambia. Na mimi nimemuuliza mpaka nimenuna."

Akaamini kuna mwanaume mwingine, maana hilo ndilo wanaume huamini kwanza. Aliumia vibaya. Alikonda, akaharibu meno ya wateja, akaacha kujibu simu za mama yake akiwa karakana. Na hakupona, wala haikuelekea kwamba atapona.

Tamasha lilipozunguka tena, wenzake walimburuta mgahawani. Zamu yake ya kusimulia ilipofika akasema hajaona kitu mwaka mzima, ila anaikumbuka moja aliyosimuliwa, ambayo mwisho wake aliupatia. Akaanza. Mwanamke, mchumba, daktari, mlango.

"Hiyo ilionyeshwa wapi?" akauliza muuguzi mstaafu, mama mtu mzima waliyemwita Tiketi kwa sababu hakosi tamasha.

Akamtajia mji.

"Mwanangu, mimi nilikuwa huko tangu siku ya ufunguzi hadi kufunga. Nimekaa ukumbini mpaka miguu ikavimba. Filamu hiyo haikuwepo."

Fundi Meno akaikumbuka ile pasi iliyopita mara mbili palepale. Kisha akasimama, akaacha koti lake kwenye kiti, akaenda moja kwa moja kwa msusi. Safari hii hakuuliza alichokosea. Alisema, "Shemeji, najua kwa nini aliondoka," na msusi akamtazama, akaona kweli anajua, akamwelekeza.

Alimkuta katika mji mwingine, kwenye ukumbi wa hoteli mpya, juu ya ngazi, akitundika mapazia. Tepu ilikuwa shingoni. Alikuwa amenenepa kidogo na kupendeza zaidi.

"Haikuwepo filamu," Fundi Meno akasema kutoka chini.

Mapazia alishuka polepole. "Haikuwepo."

"Ningebaki."

"Ulisema ni huruma."

"Nilisema kuhusu filamu. Hukuniuliza mimi."

"Nilikuuliza wewe," akasema. "Nilisimama mbele yako, nikakuuliza wewe, bwana. Ukafumba macho."

Fundi Meno alilia waziwazi, mtu mzima, katikati ya ukumbi mtupu. Mapazia naye alilia, kisha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa na kumwomba amshikie upande wa pili, maana ule mzigo ulikuwa mzito kwa mtu mmoja. Akamshikia. Wakawa wamesimama kama zamani, kitambaa kati yao.

Simu ya Mapazia iliita. Mikono yake haikuwa na nafasi, akaigusa kwa kiwiko na sauti ikatoka kwenye spika. Ilikuwa ya mtoto wa kike.

"Mama, unarudi saa ngapi? Baba ameunguza chakula tena."

"Narudi sasa hivi, mwanangu. Mwambie asiguse kitu."

Simu ikakatika. "Alifiwa na mkewe," Mapazia akasema. "Ana mabinti wawili. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba sizai, akasema sawa. Tulifunga ndoa mwezi uliopita."

Fundi Meno aliinua upande wake mpaka pazia likaingia vyema kwenye bomba. Akalinyoosha kwa kiganja. "Hili limeshonwa vizuri," akasema, akaaga.

Alipokuwa kituoni akisubiri basi, mama yake, aliyemwaga kabla ya safari, alipiga.

"Umempata mkwe wangu?"

"Nimempata, mama. Ameolewa. Hakuweza kuzaa, akaogopa kutuambia."

Upande wa pili kiti kikalia, mama akikaa.

"Yale ya wajukuu nilikuwa nachangamsha mazungumzo tu," akasema. "Mimi nilimtaka yeye."