Mwatumu Amgusa Vunjajungu

Huko Wete, katika nyumba ya mlango wa buluu, anakaa Mwatumu. Jino lake la mbele limeng'oka juzi tu.

Leo Mwatumu ana kazi kubwa! Bibi amepika tambi, na Mwatumu atampelekea jirani, Bi Time. Tena kwenye bakuli la kaure la Bibi. Peke yake!

Akaenda uani kunawa mikono. Lo! Juu ya ndoo kuna mdudu wa kijani. Kichwa anakigeuza huku, anakigeuza kule. Mwatumu akamgusa.

"Yarabi!" Kaka yake, Faki, akaruka. "Umemgusa vunjajungu! Sasa ukishika chombo, paa! Kitavunjika."

Moyo wa Mwatumu ukaenda du! du! du! "Bakuli la Bibi!" Machozi yakamlengalenga.

Shangazi Maimuna alikuwa anasuka ukili. "Nani kasema? Kajuaje?"

"Watu wote wanasema," akajibu Faki.

"Haya, tutafute." Shangazi akatoa simu.

Mwatumu akamtazama mdudu vizuri. Kijani. Miguu sita. Ya mbele ameikunja. Shangazi akaandika, ta, ta, ta.

Ukurasa wa kwanza ukasema: "Ukimgusa, utavunja vyombo."

"Si nilikwambia!" Faki akacheka.

Mwatumu akafuta machozi. "Nani kasema? Kajuaje?"

Wakatafuta jina la mwandishi. Halipo! "Twende kwingine," akasema Mwatumu. Ta, ta, ta.

Ensaiklopidia hii hapa. Picha ni ya mdudu yule yule! Shangazi akasoma: "Hula nzi na panzi."

"Na kwingine tena!" Ta, ta, ta. Ukurasa wa makumbusho. Wameuandika watu wanaochunguza wadudu, na majina yao yapo. "Hula nzi na nondo."

"Na mabakuli?" akauliza Mwatumu.

"Mabakuli hayamo kabisa," akasema Shangazi.

"Basi nalipeleka!"

"Taratibu, mama," akasema Bibi.

Mwatumu akalibeba bakuli, pole, pole, pole. Jiwe hilo! Akalikwepa. Faki nyuma, vidole masikioni, anangoja paa.

"Hodi!"

"Karibu! Ala! Kaleta nani bakuli hili?" akauliza Bi Time.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu! Na vunjajungu nimemgusa!"

Faki akatoa vidole masikioni. "Huyu ni mdogo wangu," akamwambia Bi Time.

Usiku Mwatumu yuko kitandani. Anamsikia Bibi kwenye simu. "Mjukuu wangu huyo! Kalifikisha zima, mwenyewe!"

Mwatumu akajifunika shuka, akatabasamu na pengo lake, akalala.