Herufi za Brashi

Asubuhi mkunga wa zahanati alikuta ukuta wa mbele umebandikwa karatasi kila mahali: MKUNGA MWIZI WA DAWA. MNG'OENI! Herufi zilikuwa nene, zimeparuzika kama zilizochorwa kwa mkaa. Mji mzima ulizijua kutoka kwenye vibao vya vinyozi na migahawa. Kabla ya saa sita mchoraji wa herufi hizo, Brashi, alikuwa mahabusu.

"Afande, yule mama ndiye aliyemzalisha mke wangu," alisema. "Nitamtukanaje?"

Inspekta alikuwa ameiinamia karatasi. Kila A ilikuwa na mkwaruzo uleule kwenye mguu wa kushoto. Akampa kalamu nene. "Niandikie A nyingi."

Brashi akajaza ukurasa. Hakuna mbili zilizofanana.

"Basi hizi zimetoka kwenye kompyuta," Inspekta alisema. "Nani anazo?"

"Mchapaji. Nilimchorea alfabeti nzima, aitumie kwenye mabango ya matamasha na maboksi ya bidhaa."

Inspekta alipomfuata, mchapaji aliwaka. "Mimi nimchafue mkunga ili nipate nini?"

"Nichapie neno hili: MNG'OENI."

Karatasi ilipotoka, Inspekta aliilinganisha na ile ya ukutani. Kwenye ya mchapaji, alama ya ng', kile kikoma cha juu, iliparuzika kama herufi nyingine. Kwenye ya ukutani ilikuwa laini, kama iliyokatwa kwa wembe.

"Brashi alisahau kuichora mwanzoni, kompyuta ikajaza ya kwake," mchapaji akaeleza, sasa kwa upole. "Nakala ile pungufu nilimpa mtu mmoja tu, mwenye duka la dawa. Alitaka lebo za sabuni zake."

Inspekta akaenda dukani pamoja na mkunga. Sabuni zilipangwa rafuni, zimeandikwa NG'ARA, na alama yake ilikuwa laini vilevile.

"Herufi tu hizo, dada," mwenye duka alicheka. "Kila mtu anazo."

"Hii pungufu unayo wewe peke yako," Inspekta alisema. " Fungua stoo."

Kicheko kikamkauka, akafungua. Ndani kulikuwa na maboksi ya dawa yenye mhuri wa zahanati, yaleyale ambayo mwenye duka ndiye aliyepewa kazi ya kuyapeleka huko.

"Huyu mkunga aliniripoti wizarani kwamba dawa hazifiki," akanong'ona. "Wakaguzi wangekuja. Nilitaka asiaminiwe kabla hawajafika."

Mkunga alimsogelea hadi akarudi nyuma ukutani. "Mwezi jana mama alitokwa damu mikononi mwangu, sindano hamna! Nilimshika mpaka akakata roho. Kumbe iko hapa! Halafu mwizi ni mimi?"

Inspekta alimfunga mwenye duka pingu, akazikaza kuliko ilivyohitajika.

Jioni Brashi aliachiwa. Hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja zahanati, akaanza kukwangua karatasi zile kwa hasira. Majirani waliomzomea mkunga asubuhi wakaja wakijikunakuna vichwa, wakitaka kumsaidia.

"Kwanza ingieni ndani mkamwombe radhi yule mama," aliwaambia bila kugeuka. "Mkimaliza, ndoo hiyo hapo."