Joto la Mnarani

Mke wa fundi ndiye aliyeanza kuinusa. Harufu ya nywele zinazoungua, ikiingia na mumewe kila aliporudi kutoka mnarani. Alimkagua kichwa chote, hakukuta hata unywele mmoja ulioungua.

"Umeota moto wapi leo, mume wangu?" alimtania.

Fundi akacheka, maana kuota ndiko alikokuwa akifanya. Mafundi wa minara ya simu wana ujinga wao. Asubuhi za baridi, kule juu, badala ya kupiga simu masahani ya mawimbi yazimwe kwanza kama walivyofundishwa, walisimama mbele yake wakipasha migongo na mapaja kwa joto la mawimbi. Jiko la bure, walisema. Bosi naye hakutaka kizimwe kitu. Mtandao ukikatika kidogo tu, simu yake haipoi kwa malalamiko.

Kisha ikaja sauti. Tk, tk, tk, nyuma ya sikio la kulia, ndani ya fuvu, hata akiziba masikio kwa viganja. Mwanzoni ilibaki kazini. Baadaye ikamfuata nyumbani mpaka mezani, na siku moja, akiwa ananawa mikono, ikageuka maneno: "Hapa nimepapenda."

Alikwenda hospitali kimyakimya, kuulizia sauti hiyo na kukosa kwao mtoto. Daktari alimpima, akamuuliza anafanya kazi gani, akainamisha macho.

"Mbegu zako zimekufa, bwana. Huenda ni hayo mawimbi, usiyasogelee tena. Mwambie mkeo, mlijue pamoja."

Hakumwambia. Aliona aibu. Miaka yote mama yake alikuwa akimsema mkewe kwamba ana jini mahaba linalokula watoto tumboni, na yeye, mwanamume mzima na ndevu zake, alinyamaza huku akila chakula alichopikiwa na huyo huyo anayesemwa. Sasa mama alikuwa amekata shauri: mganga aje, na mke asipopona, arudishwe kwao.

Mganga alikuja mchana kweupe. Mke akaketi sakafuni, amefunikwa shuka jeupe, ubani unafuka. Mganga akaita, akaita tena. Shuka halikutikisika.

"Hapa hamna kitu," alinong'ona. Kisha akanusa hewa, akageuka taratibu, akampita mama mkwe, na kidole chake kikasimama kwa fundi. "Wewe. Nani yumo humo?"

Ile sauti nyuma ya sikio ikapanda, ikaharakisha mpaka ikawa mvumo mmoja, na joto likamjaa mgongoni na mapajani ingawa dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia, na harufu ya nywele ikauzidi ubani hata mama yake akajiziba pua, na ulimi wake mwenyewe, bila ruhusa yake, ukasema kwa sauti kavu isiyokuwa yake: "Alinijia kwa miguu yake, akanipa mgongo niupashe. Amwambie mama yake nilichokula, nami nitatoka."

"Sema, baba," mganga alimhimiza. "Sema, utapona."

"Mwanangu?" mama alisema kwa sauti ndogo. "Limekula nini?"

Fundi alifungua kinywa. Aliyaona macho ya mama yake, akaona atakavyotazamwa kuanzia siku ile na wajomba, na majirani, na mafundi wenzake. Akatazama sakafu.

Shuka likafunuka. Mkewe alikuwa akimtazama, na alikuwa ameshaelewa. Akamhurumia, maskini.

"Linamsingizia," alisema. "Liko kwangu, mama. Mimi ndiye nisiyezaa. Mganga, litoe kwangu."

"Usiliite, binti!" mganga aliruka. "Usili..."

Ile sauti nyuma ya sikio ikakatika. Kichwani mwa fundi kukawa kimya, kimya kitamu alichokuwa amekisahau, na mgongo ukapoa. Alitaka kulia kwa raha.

Mkewe aliinamisha kichwa upande, polepole, akaziba sikio kwa kiganja.

"Mume wangu," alinong'ona, "nani huyo anagonga?"

Wote wakamgeukia fundi. Ulimi sasa ulikuwa wake, na nafasi ya kusema ilikuwa yake.

"Mimi sisikii kitu," alijibu, na kwa aibu yake, ilikuwa kweli.