Namba Sita Alizomtumia Danielle

Kila siku saa sita na nusu mchana Soumaya alirudi kutoka shuleni, akafungua kufuli, akala chakula alichoachiwa kwenye sufuria, kisha akaosha sahani yake moja. Baada ya hapo nyumba ilikaa kimya hadi jioni.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hadi miezi mitatu iliyopita waliishi mtaa wa Buyenzi kwa Bibi Khadidja, katika ua uliojaa binamu na kelele. Kisha baba yake, Shakuru, alipata kazi ya ufundi wa magari katika mji wa mbali wa Rumonge, na mama yake, Sikuzani, akapata nafasi katika karakana ya ushonaji. Mama na binti wakahamia mtaa wa Cibitoke, karibu na karakana hiyo. Katika shule mpya kila mwanafunzi alikuwa na mwenzake wa kukaa naye. Wakati wa mapumziko Soumaya alisimama penye bomba akinawa mikono iliyokwisha kutakata, ili asionekane kuwa hana pa kwenda.

Mama Sikuzani alikuwa na simu mbili. Ile ndogo alikwenda nayo kazini. Ile kubwa, ambayo wateja walimtumia picha za mishono, aliiacha nyumbani kwa kuogopa wezi wa njiani, na Soumaya aliruhusiwa kuitumia kwa masomo. Ndani ya simu hiyo, kwa akaunti ya ujumbe ya mama, katika kikundi cha mafumbo ya hesabu, Soumaya alikutana na Danielle.

Danielle alisema ana miaka kumi na mitatu na anakaa mtaa wa Mutanga Sud. Alikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu kumuuliza Soumaya siku yake imekwendaje. Kwa hiyo Soumaya alimweleza yote: jina la shule yake, jina la bibi yake, kazi ya baba yake, pumu inayombana wakati wa vumbi, na jinsi anavyobaki peke yake kila mchana. Alimtumia hata picha yake akiwa amevaa sare. Danielle hakuwahi kutuma picha yake. Alisema kamera ya simu yake imeharibika, na Soumaya hakuona ubaya.

Jumanne moja Danielle aliandika kwamba anajiandikisha kwenye shindano la mafumbo, na kwa bahati mbaya ameweka namba ya simu ya Soumaya badala ya yake. Namba sita zingeingia kwenye simu, amtumie haraka. Kweli, ujumbe uliingia. Chini ya zile namba sita paliandikwa kwamba mtu yeyote asipewe. Soumaya aliusoma mara mbili, akamwambia Danielle kwamba anaogopa.

"Kumbe huniamini," Danielle aliandika. "Mimi nilidhani sisi ni marafiki."

Soumaya alifikiria mchana mrefu bila mtu wa kuzungumza naye. Akazituma.

Mara akaunti ya ujumbe ya mama ikajifunga. Alijaribu kuifungua, ikakataa. Alikaa kitandani simu ikiwa mapajani, akingoja Danielle aandike tena, ingawa hapakuwa tena na mahali pa kuandikiwa.

Mama aliporudi saa kumi na moja, Soumaya alinyamaza. Hazikupita dakika kumi, simu ndogo ikalia. Alikuwa baba, akipiga kutoka Rumonge. Aliuliza mtoto amelazwa hospitali gani. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwenye akaunti ya mama mwenyewe, kwamba Soumaya amebanwa na pumu na yuko hoi, na kwamba pesa za matibabu zitumwe upesi kwa namba ngeni. Palikuwa na jina la shule na ile picha ya sare. Ndugu wote walikuwa wameupata.

Mama alimtuliza, kisha akampigia Bibi Khadidja. Binamu mmoja ndiye aliyepokea, akamweleza kwamba Bibi pia amesomewa ujumbe ule. Bibi hakujua kutuma pesa kwa simu, kwa hiyo alikuwa amejifunga kanga na kutoka kwa miguu kumtafuta mjukuu wake hospitalini, simu akaiacha mezani.

Walimtafuta kwa zaidi ya saa moja. Walimkuta katika hospitali ya tatu, kwenye benchi la mapokezi, magoti yamevimba, amekumbatia sweta la Soumaya lililobaki kwake. Alipomwona mtoto amesimama mzima mbele yake, aliinuka. Alimshika uso kwa mikono miwili, akalia.

Hapo ndipo Soumaya alipokiri, papo hapo kwenye benchi, bila kuficha kitu. Alidhani atachapwa. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniambia kwamba huna rafiki?"

"Ulikuwa unarudi umechoka, mama."

Kutoka hospitalini walikwenda kwa mjomba Tajudini, mdogo wake mama, fundi wa simu huko Nyakabiga. Aliisajili akaunti upya kwa laini ya mama, akairudisha, akaiwekea neno la siri la pili. Waliwaarifu ndugu wote, na kesho yake mama akapeleka taarifa polisi na shuleni. Kufuli la nyumba nalo likabadilishwa, na tangu siku hiyo Soumaya alikwenda karakanani kila alipotoka shule, akafanya kazi zake za nyumbani kando ya cherehani ya mama.

Lakini jioni ile, kabla hawajaondoka kwa mjomba, Soumaya aliuliza swali lililokuwa likimsumbua. Danielle alikuwa nani?

"Hatujui," alijibu Tajudini. "Labda ni mtu mzima. Labda ni watu watatu. Msichana unayemfikiria hayupo."

Soumaya aliona aibu kwa sababu bado alitamani kuzungumza naye.

"Sikiliza, mwanangu," Tajudini akaendelea. "Jina la shule yako, ugonjwa wako, picha yako, saa unazobaki peke yako, hayo yote ni yako. Mtu usiyemjua asipewe, hata akiwa mpole namna gani. Namba za siri zinazoingia kwenye simu asipewe mtu yeyote, hata akisema ni mimi. Na mtu akikwambia umpe siri ili uthibitishe kwamba mnapendana, funga simu uje utuambie."

Bibi Khadidja, aliyekuwa ameinyoosha miguu yake juu ya kigoda, alimvuta Soumaya karibu.

"Na ukiwa mpweke pia uje utuambie," alisema. "Mimi leo nimetembea hospitali tatu kwa ajili yako. Kukusikiliza kutanishinda?"