Eda ya Bi Mwanamkasi

Kitulizi kilikuwa kidogo kuliko punje ya ufuta. Kilikaa nyuma ya sikio la Bi Mwanamkasi, kikipeleka dawa ubongoni tone kwa tone. Aliyekibuni ni bintiye, Dkt. Mboni, katika maabara ya Tanga Mpya. Kazi ya kifaa hicho ilikuwa kutuliza kinasi, kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini za ubongo. Kinasi kikizidisha, protini husokotana, seli hufa, na mtu husahau hata jina la mwanawe.

Ugonjwa wa Bi Mwanamkasi ulisimama pale pale. Mji mzima ulimpongeza Mboni na, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Mwezi wa pili wa kitulizi, baba yake, Mzee Kibwana, akafariki. Asubuhi baada ya maziko mama aliamka akauliza, "Mboni, baba'ko keshakunywa chai?"

Mboni akadhani ni bumbuwazi la msiba. Akamwambia. Mama akaangua kilio, akavaa nguo za eda. Kesho yake akauliza tena.

Ndipo Mboni alipoelewa, akiwa amechelewa. Kinasi hicho hicho ndicho kinachokaza kumbukumbu mpya. Mwizi na mlinzi walikuwa mtu mmoja. Kila usingizi ulimfutia mama siku nzima, na kabla ya msiba siku zilifanana mno hata mtu asitambue. Na kukizima kitulizi ni kuukaribisha ugonjwa.

"Tumfiche," Mboni alimsihi shangazi yake, Bi Chausiku.

"Mjane hafichwi, mwanangu. Eda ni haki ya marehemu."

Basi kwa miezi minne na siku kumi, kila asubuhi, Mboni alimfisha baba yake upya. Alikonda. Alianza kuichukia sauti yake mwenyewe.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja, wakamwogesha mama, wakamvika kanga mpya. Walikuwa wamemwomba Mboni asimwambie lolote asubuhi ile. Mama akanusa udi, akatabasamu.

"Nani katoka eda?"

Bi Chausiku akainamisha uso. "Wewe, wifi yangu."

Mama alilia sana. Kisha akamtazama bintiye, akauona uchovu wake.

"Umeshaniambia mara ngapi?"

"Kila siku, mama." Akamweleza yote.

"Kizime. Leo hii, kabla sijalala. Nataka kumlilia baba'ko mara moja, nimalize."

"Mama, utanisahau mimi!"

Bi Mwanamkasi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga mpya.

"Utanikumbusha, mwanangu. Si umeshazoea?"